Ua wa Kombe Nyuma ya Gerezani

Mama mkwe wangu hakunipenda, na sitasema vinginevyo leo kwa sababu tu ni marehemu. Mama yangu mimi alikuwa muuza maandazi, na katika ukoo wa mume wangu wanawake walikuwa watu wa pwani tangu mji huu haujaitwa Dar es Salaam. Mwanamke asiyejua saa za maji kupwa na maji kujaa, kwake alikuwa nusu mtu. Nilizaliwa mtaa wa pili tu kutoka kwao, hapo hapo Kariakoo, bahari niliijua kwa harufu, lakini mguu wangu ulikuwa haujakanyaga tope. Niliolewa na mwanawe miaka michache baada ya Wajerumani kuondoka. Yeye alikuwa mpakia mizigo bandarini. Niliingia katika nyumba yao ya vyumba sita na sanduku moja na ulimi mrefu.

Kitu alichoheshimiwa nacho mama mkwe mtaa mzima kilikuwa ua wake wa kombe. Watoto wa siku hizi nikiwaambia wanacheka, kwa hiyo nieleze. Nyuma ya Gerezani bahari ilikuwa imenyoosha mkono ndani ya nchi kavu, hori refu lenye mikoko pembeni. Siku za bamvua, maji yanapotoka sana, kufika saa nne asubuhi hori lote lilikuwa tope tupu linalong'aa, na wanawake walishuka na vikapu na visu butu. Kombe ni mdudu wa magamba mawili mazito yenye mistari, nyama yake nyekundu, anajifukia topeni kina cha kidole. Unampapasa kwa kisu, unasikia kimegonga gamba, unamchokoa.

Koo za zamani zilikuwa na mahali pao. Kila moja ilikuwa imepanga mawe kwa duara, na ndani ya duara ile wanawake waliwatupia kombe wadogo waliookotwa huko na huko ili wakue. Wakubwa wanatolewa, wadogo wanarudishwa. Katikati ya ua waliachwa wakongwe, wa gamba kubwa kama kiganja cha mwanamume, na hao hawakuguswa kabisa. Mama mkwe alisema ndio wanaozaa wengine wote. Ua ule aliupata kwa mama mkwe wake, naye kwa wake, na nyuma yake hakuna aliyejua.

Asingenipa mapema hivyo kama si mguu. Mguu wake wa kushoto ulikuwa umevimba kwa matende hadi ukawa mzito kama gogo, na topeni ulikuwa unamzamisha. Basi mwezi wa saba wa ndoa yangu ilibidi anikabidhi. Desturi ilikuwa hivi: mkwe anamshika mkono mke wa mwanawe, wanauzunguka ua mara tatu, kisha anampa kisu na kusema mbele ya wenzake wote, kwa sauti, "Nimekupa kwa moyo safi." Tulizunguka. Alinikokota huku anahema, kucha zake zimenishika. Ilipofika kusema, akatazama mikoko, akamung'unya kitu.

"Hatukusikia, bibi!" akaita mwanamke mmoja wa ua wa jirani.

"Aliyepewa kasikia," akajibu, na wote wakacheka.

Mimi nilikuwa sikusikia. Nilichukua kisu na uso umenivimba kwa aibu, nikaapa moyoni kwamba ua ule utazaa mkononi mwangu kuliko ulivyopata kuzaa mkononi mwake. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na saba, na sijui kama nimewahi kutaka kitu kwa ukali kama nilivyotaka hicho.

Mwaka wa pili wakajenga kiwanda kichwani mwa hori. Kilikuwa cha kukamua mafuta ya mbata, zile nazi kavu, na kupika sabuni. Mwenyewe simtaji, hayupo tena wala kiwanda chake. Walitoa bomba la chuma hadi ukingoni, na kutwa nzima lilitema maji ya kijivu yenye povu, ya uvuguvugu, yanayoteleza vidoleni. Nasikia siku hizi watu wakisema kwamba tulionewa tukalia. Hatukulia hata kidogo. Tulishangilia! Tulibeba kanga zetu na mashuka ya majirani tukafua mdomoni mwa bomba lile bila kununua sabuni, na nguo zikatakata. Ukoko mweupe uliogandia kwenye mizizi ya mikoko tuliukwangua tukaumbia madonge ya kuoshea vyombo. Mimi nilikuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka. Mama mkwe mwenyewe, alipoona kanga yake kuukuu imerudi na weupe wake, alisema wenye kiwanda ni watu wa kheri.

Kulikuwa na mashudu pia, yale makapi ya nazi yanayobaki mafuta yakishakamuliwa. Mazuri walinunua wenye ng'ombe. Yaliyoota ukungu na yale ya kufagiliwa sakafuni waliyamwaga horini, matenga kwa matenga, wakingojea maji yanayotoka yaende nayo. Mzee mmoja wa Ilala aliyekuwa akituletea maziwa alikuwa anawalisha ng'ombe wake mashudu, na hakuwa na neno jingine ila kuwasifia jinsi walivyonenepa. Nikamsikiliza. Nikafikiri, kama ng'ombe ananenepa, kombe amekosa nini?

Basi nikaanza kuwalisha. Nilikwenda kwa mfagizi wa kiwandani, akanijazia kanga bure, nikashuka kabla ya wenzangu. Niliyapachika mashudu topeni kwa vidole, konzi moja hapa, konzi nyingine pale, ndani ya mawe yangu, kama mtu anayepanda mbegu. Nilifanya hivyo kila bamvua. Sikumwambia mtu, na zaidi ya wote sikumwambia mama mkwe. Nilitaka aone matokeo asijue siri yake, aseme mwenyewe kwamba mkono wangu una baraka kuliko wake.

Na wakanenepa. Nasema kweli. Miezi ile ya mwanzo kombe wangu walijaa gamba hadi nyama ikabanwa kwenye ukingo. Sokoni Kariakoo nilikaa na sinia langu karibu na wauza ndimu, kombe wamechemshwa na kunyunyiziwa pilipili, na wateja waliwapita wengine wote wakanijia mimi. Hata wanawake wa maduka ya Mchafukoge, ambao huwaoni sokoni mara kwa mara, walituma watu wao kwangu. Jioni moja mama mkwe alichukua kombe mmoja siniani, akamtafuna polepole, akasema, "Mashallah. Wa namna hii hata enzi zangu sikuwaona." Akageuka upande mwingine. Hiyo ndiyo sifa pekee aliyonipa katika maisha yetu, na niliikumbatia mwezi mzima.

Kaskazi ya mwaka wa nne lilikuja joto la ajabu. Nilishuka bamvua moja asubuhi nikadhani macho yangu yameharibika. Kombe wote walikuwa juu. Walikuwa wametapakaa juu ya tope kama maharage yaliyomwagika, wakubwa kwa wadogo, midomo imefunguka kidogo. Haikuwa uani kwangu tu. Kwa majirani nao walikuwa wameanza kutoka, lakini kwangu ndiko walikojaa zaidi. Hakuna aliyehitaji kisu. Wanawake walipiga vigelegele, wakasema leo bahari imetoa sadaka. Tulijaza vikapu, tukafungua kanga tukajaza kanga.

Nilikumbuka baadaye kwamba asubuhi ile hakukuwa na kaa hata mmoja. Vilima vidogo wanavyochimba havikuwepo. Ndege walikuwa wametua ng'ambo ya hori, upande wetu hapana. Niliona hayo yote, nikayapita, kwa kuwa nilikuwa natazama katikati ya ua. Wakongwe nao walikuwa wametoka. Kumi na mmoja, weusi, wameota magugu migongoni, wamelala ubavu juani. Miaka yote nilikuwa nimeambiwa wapo bila kuwaona wazima hivyo. Nikageuka huku na huku, nikawatia kikapuni.

Nilifika nyumbani najisikia malkia. Mama mkwe alikuwa amekaa barazani, mguu ameutua juu ya kigoda.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona mapema?"

Nikatua kikapu mbele yake. Akakitazama. Akamchukua mkongwe mmoja kwa mikono miwili, akamnusa, na rangi ikamtoka usoni.

"Huyu umemchimbua?"

"Sikumchimbua. Alikuwa juu."

"Juu ya tope?"

"Wote walikuwa juu, mama. Hori zima."

Akamlaza mkongwe yule juu ya wenzake. Nilingoja matusi, nilikuwa nimeshaandaa majibu yangu. Akasema kwa sauti ya chini, "Mwanangu, ukiona watu wa nyumba nzima wametoka nje kwa pamoja, wazee na vichanga, unadhani wanakwenda harusini? Hawa wamekosa pumzi huko ndani. Warudishe. Warudishe wote sasa hivi."

Alikuwa hajawahi kuniita mwanangu. Nilibeba kikapu nikakimbia, lakini maji yalikuwa yameshajaa na ua umefunikwa. Niliwaloweka ndani ya karai la maji ya bahari, na kesho yake maji yalipotoka nikawarudisha mmoja mmoja. Hawakujichimbia. Nikajaribu kuwasaidia, nikabonyeza kidole topeni niwatengenezee shimo, na kidole kikatoka cheusi kama masizi. Harufu ilikuwa ya yai viza. Nikachimba palepale nilipokuwa napachika mashudu. Yalikuwepo bado, yamegeuka uji mweusi, na kila mahali nilipoyatia palikuwa na duara nyeusi inayotambaa kwenda kwa mwenzake.

Bamvua iliyofuata ua wangu ulikuwa magamba yaliyoachama, na miezi miwili mitatu baadaye hori lote. Ukitembea yanavunjika chini ya mguu. Majongoo wa pwani walikuwa wameyeyuka kama makamasi, na wale minyoo warefu ambao wavuvi walikuwa wakichimba kwa ajili ya chambo walikuwa wamelala juu, wameoza. Baadaye hata harufu ya kuoza ikaisha, pakabaki kimya. Nilikuwa sijui kwamba tope lina sauti mpaka siku ile ilipokosekana: ile chwechwe ya maelfu ya vitu vidogo vinavyofunguka na kujifunga, maji yanapotoka.

Sokoni waliokula wale wa siku ya vigelegele, ambao wenzangu waliwauza, walisumbuliwa na matumbo, na kuanzia hapo wateja walikuwa wakinipita wameshika pua, wanasema huyo ndiye wa kombe wa sabuni. Nikaacha kwenda.

Tulikwenda kiwandani wanawake watano. Karani alitutoa nje ya ofisi akatusikiliza akiwa amesimama mlangoni, kalamu sikioni. Alisema, "Maji yanaingia na kutoka mara mbili kwa siku. Uchafu gani utakaokaa hapo?" Wenzangu walibishana naye, mmoja akamtupia hata gamba. Kila mtu aliyenijua alingoja niseme, kwa kuwa mdomo wangu ulikuwa maarufu. Sikufungua mdomo. Mfagizi alikuwa amesimama nyuma ya karani na ufagio wake, na ananitazama.

Najua mtu ataniambia kwamba kiwanda kilimwaga kwa matenga na mimi kwa kanga. Najiambia hivyo mwenyewe. Nyua za wale wasiotia hata konzi moja zilikufa vilevile, miezi miwili mitatu baada ya wangu. Lakini wangu ulitangulia, na wakongwe niliwaokota mimi kwa mkono huu.

Halafu ikaja miaka ya shida, bei ya mbata ikaanguka, wenye kiwanda wakafunga. Siku bomba liliponyamaza nilisujudu. Tulisema sasa bahari itajisafisha, na kwa macho tuliona inajisafisha. Mwaka haukuisha maji yakawa safi, vidagaa wakarudi, watu wakaanza kuoga. Karani alikuwa amesema kweli kuhusu maji. Ila maji yalipita juu tu. Chini, ukichimba kina cha kidole, weusi ulikuwepo vilevile, na mafuta yakapanda juu ya maji ya shimo yakitandaza rangi saba.

Nilifanya nililoweza. Nilivuka ng'ambo ya bandari kwa mtumbwi nikanunua kombe hai wa huko, nikawaleta ndani ya gunia lililoloweshwa, nikawapanda ndani ya mawe yangu. Siku ya tatu walikuwa juu, midomo wazi. Mwaka uliofuata nilijaribu tena, na uliofuata. Niliteka tope lile kwa ndoo nikalimwaga mbali, na shimo likajaa tope lilelile kutoka ubavuni. Mume wangu aliniambia niache, sasa naonekana mwendawazimu. Wenzangu walikuwa wameshahama pwani: huyu anauza vitumbua, huyu anasuka ukili wa mikeka. Mimi niliendelea kushuka kwa sababu mama mkwe aliendelea kuuliza.

Kila bamvua aliuliza. "Umepita uani?"

"Nimepita."

"Wamerudi?"

"Bado, mama."

Uvimbe wa mguu ulimpanda hadi kiunoni, akawa mtu wa kitandani. Nilimwosha, nilimlisha, nikamgeuza. Ulimi wake ulilegea na wangu pia, na kulikuwa na siku tulicheka pamoja. Mara nyingi nilitaka kumwambia habari za mashudu. Ningemwambia leo, nikasema kesho. Miaka saba ilipita hivyo.

Alasiri moja aliniita nikae karibu. Tulijua wote kwamba amechoka, watu wa ukoo walikuwa wamekuja na wengine walisimama mlangoni. Alikuwa ameshaombana radhi na wanawe na majirani, kama anavyofanya mtu anayesafiri safari ile. Akanishika mkono, kucha zake zilezile.

"Nimekuweka wa mwisho kwa kuwa unanidai deni kubwa," akasema. "Siku ile nilipokuzungusha ua, wewe ulisikia nilichosema?"

"Sikusikia, mama."

"Sikusema kitu. Nilichezesha midomo tu. Sikukupa. Niliona uchungu kukupa, mtoto wa muuza maandazi. Kila uliporudi na kikapu kimejaa nilikitazama roho inaniuma, hata siku ile niliposema mashallah. Ndipo ua ukafa. Jicho langu ndilo lililouua, mwanangu, na nimekuacha unachimba tope miaka yote hii ukidhani ni kiwanda. Niwie radhi."

Maneno yalikuwa mdomoni mwangu. Mashudu. Ni neno dogo, lingetoka kwa pumzi moja, na angekufa mwepesi kwa kuwa hakuwa na kosa. Lakini watu walikuwa mlangoni, mume wangu miongoni mwao, na yule mwanamke wa ua wa jirani aliyesema siku ile hatukusikia. Niliona aibu. Hapakuwa na sababu nyingine, nimetafuta miaka yote sijaipata.

"Nimekuwia radhi, mama," nikasema.

Akalia. Akanibusu mkono, yeye, mkono wangu, na akasema nina moyo mkubwa. Kesho yake adhuhuri alikuwa maiti.

Baada ya arobaini nilishuka horini na kisu chake. Maji yalikuwa yametoka vizuri, tope linang'aa, mtu mgeni angesema mahali pazuri. Mawe ya ua yalikuwa pale pale. Nikapiga magoti katikati, walipokuwa wakongwe, nikatia kisu topeni, nikakivuta. Kilitoka cheusi. Nikasema yote pale, kwa sauti, tangu konzi ya kwanza, lakini nilikuwa naliambia tope. Nilimsamehe mtu kosa langu mwenyewe, akafa ananishukuru, na wa kuniwia radhi mimi hayupo.